Upepo Usiomo Katika Shajara Zetu

Nasaba zetu, sisi tuliotawanyika toka pwani ya Uswahilini hadi Muscat, London na hapa Mesquite, huandikwa kwa majina ya wanaume: fulani bin fulani, aliyefika Unguja kutoka Sur. Naona limeachwa jambo kubwa, nalo ni upepo.

Majira ya baridi, bara la Asia hupoa kuliko bahari, na hewa yake nzito huvuma kuja kwetu: ndiyo kaskazi, tangu Desemba hadi Machi. Bara likipata joto, upepo hugeuka, ikawa kusi. Bahari nayo hutii. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, ila kaskazi huupunguza kasi. Mkondo wa Somalia hugeuka kabisa: hushuka wakati wa kaskazi, na wakati wa kusi hupanda kwa nguvu kubwa, maji baridi ya kilindini yakiibuka ufukweni.

Basi nahodha aliyeshuka na kaskazi hakuwa na hiari ya kurejea upesi. Alingoja kusi ianze. Akiukosa mwanzo wake, alingoja hadi ukali wa Juni na Julai upungue. Katika kungoja huko alipewa nyumba, akakopeshwa, akaozwa. Koo zetu nyingi zilizaliwa na kungoja huko, na aliyempokea mgeni ni mwanamke wa pwani ambaye mara nyingi jina lake halimo katika shajara.

Upepo huo huo ulichukua watumwa kwenda Arabuni, hata baada ya soko la Unguja kufungwa mwaka 1873. Wamo waliokuwa mama zetu. Wako wasemao kuwa kuyataja haya ni kuwavunjia wazee heshima. Mimi nasema nasaba inayomficha mama ni nusu ya nasaba.

Watoto wetu wa Texas wanaweza kufundishwa haya bila kupanda ndege. Pwani ya Galveston, maji ya karibu na nchi huelekea kusini-magharibi sehemu kubwa ya mwaka, na pepo za kusini za kiangazi huyarudisha nyuma. Tuwaonyeshe hayo, kisha tufungue shajara pamoja nao. Kando ya kila babu aliyevuka bahari, tuandike alikuja na upepo gani, na nani alimfungulia mlango. Wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua kila mwaka. Tuwaulize wangali hai.