Dhahabu imepanda, Lazaro bado yuko mlangoni

Washington ni mbali na Kewanja, lakini kalamu ya kule inafika huku. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alisitisha misaada ya nje kwa siku 90. PEPFAR, mpango wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003, ukayumba. Wanaoishi na VVU wakabaki na hofu ya kukosa dawa. Oktoba mwaka huo huo, wasiwasi juu ya uchumi wa dunia, ushuru wa Marekani ukichangia, uliipandisha dhahabu kupita dola 4,000 kwa wakia.

Kewanja iko jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Bei inapanda, mgonjwa anahangaika. Katika Luka 16 hatusomi kwamba tajiri alimpiga Lazaro. Kosa lake ni kumwacha mlangoni.

Ni rahisi kumlaumu Trump tukajisahau. Je, nani kwenye benchi letu leo hana nauli ya kwenda kliniki? Sadaka yetu ianzie kwake. Msamaria mwema hakungoja mfadhili.