Unga Upi? Neno Moja Laweza Kumdhuru Mwanafunzi

Neno "unga" hutumiwa kiholela katika mazungumzo yetu. Akilitamka asonga ugali, hukusudia wa mahindi. Akilitamka mpika mandazi, hukusudia wa ngano. Kwa wengi wetu mkanganyiko huo hauna madhara. Kwa mwanafunzi anayeugua kisukari na seliaki kwa pamoja, madhara yake ni makubwa.

Seliaki ni maradhi ambamo kinga ya mwili huushambulia utumbo mwembamba kila mgonjwa alapo gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Kisukari cha aina ya kwanza nacho hutokea kinga iyo hiyo inapoziangamiza chembe za kongosho zitengenezazo insulini. Si ajabu basi maradhi haya kukutana katika mwili mmoja. Katika mataifa mengi seliaki hukisiwa kumpata mtu 1 kati ya 100. Miongoni mwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, kiwango hicho huwa maradufu kadhaa.

Aliyeifichua hatia ya ngano ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Aliushuku mkate tangu miaka ya 1930, na uhaba wa mkate wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ukaipa nguvu shaka yake. Tasnifu yake ya 1950 ndiyo iliyoweka msingi wa tiba tuijuayo hadi leo: kuacha gluteni maishani.

Waama, vyakula vyetu vya asili vingetosha. Mahindi, wimbi, mtama, mchele, muhogo, nduma na maharagwe havina gluteni. Lakini ipo mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni ngano iliyojificha. Chapati ziitwazo za wimbi aghalabu huchanganywa na ngano. Mchuzi huongezwa uzito kwa unga, na viazi hukaangwa katika mafuta yaliyokaangiwa mandazi.

Mtego wa pili ni kudhani kwamba kisicho na ngano hakipandishi sukari. Wali mweupe na ugali wa mahindi yaliyokobolewa huipandisha upesi. Kwa hiyo ni sharti viliwe kwa kipimo, pamoja na maharagwe na mboga. Aidha, utumbo uliojeruhiwa haufyonzi chakula sawasawa, na aliyekwisha kujidunga insulini aweza kuishiwa na sukari ghafla. Hapo apewe glukosi au maji ya sukari, wala si biskuti ya ngano.

Watakaopinga watauliza: shule yenye mamia ya wanafunzi itampikiaje mmoja? Swali hilo lina uzito, ila kinachoombwa si karamu. Ni mwiko na sufuria ndogo visivyoguswa na ngano, uji wa nafaka inayojulikana, na mpishi anayeweza kujibu kwa yakini akiulizwa kilichomo chunguni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanafunzi anayekataa chapati ya sikukuu asidhaniwe kuwa anaringa.

Hata hivyo, mzazi au mwalimu anayeshuku seliaki asimwachishe mtoto ngano kabla ya kumpeleka hospitalini. Vipimo vya damu hutafuta dalili za vita baina ya mwili na gluteni. Gluteni ikishaondolewa, vita hupoa na vipimo vyaweza kudanganya.

Sisi walimu wa lugha tuna sehemu yetu. Tumezoea kumsahihisha mwanafunzi akikosea upatanisho wa ngeli, nasi twafanya vyema. Tumfunze pia kukitaja chakula kwa jina lake kamili, na orodha ya vyakula ukutani pa bwalo iandikwe vivyo hivyo: unga wa mahindi, unga wa wimbi, unga wa ngano. Ni neno moja tu la ziada, na laweza kumwepusha mtoto na kitanda cha hospitali.