Tuboreshe nyumba zetu kabla dhiki haijatulazimisha kuziuza

NYUMBA ndiyo mali kubwa kuliko zote ambayo Mtanzania wa kawaida huipata katika maisha yake. Mfanyakazi huijenga kwa miaka 10 au 15, kwa mshahara na mikopo midogo midogo. Mkulima huijenga kwa mavuno: msimu huu msingi, msimu ujao kuta, mwaka wa tatu bati. Lakini siku ya kuiuza inapofika, mali hiyo iliyokula jasho la nusu ya maisha huondoka ndani ya wiki mbili, tena kwa bei anayoitaja dalali.

Sababu mojawapo kubwa ni kwamba wengi wetu hatuuzi nyumba kwa mpango. Tunauza kwa dhiki. Kuna mgonjwa anayehitaji matibabu, kuna ada ya chuo, kuna deni la benki lililofika pabaya, au ndugu wameamua kugawana mirathi. Mnunuzi naye si mjinga. Akifika akakuta maji ya mvua yamechora ramani kwenye dari, choo kimejaa na karatasi za kiwanja hazieleweki, anajua mara moja kwamba huyu hana pa kukimbilia. Kila kasoro anayoiona anaigeuza kuwa punguzo, na punguzo hilo mara nyingi huwa kubwa kuliko gharama ya kuirekebisha kasoro yenyewe.

Tuchukue mfano. Tuseme mabati matatu yametoboka na dari ya chumba kimoja imeharibika. Fundi akilipwa, na mabati, misumari na mbao zikinunuliwa, kazi inaweza kwisha kwa sh. 400,000. Lakini mnunuzi anayeliona doa lile hahesabu mabati matatu. Anahesabu paa zima, anahesabu kenchi ambazo huenda zimeoza, na anahesabu usumbufu wa kuhamia nyumba inayovuja. Atataka apunguziwe sh. milioni 3, na mwenye nyumba aliyebanwa na shida atakubali.

Hoja yetu leo ni hiyo. Ukarabati unaoinua bei ya nyumba si lazima uwe wa gharama kubwa. Ni ule unaomwondolea mnunuzi hofu, na unafaa kufanywa wakati mwenye nyumba bado ana nafasi ya kuchagua.

Tunalisema hili kwa sababu mtindo uliopo ni kinyume chake. Mtu akipata fedha kidogo hukimbilia marumaru za kung'aa, dari ya jipsamu yenye taa za rangi na geti la kifahari, huku nyuma ya nyumba karo linafurika. Hatumpingi mtu kuipamba nyumba anayoishi. Lakini anayetarajia mnunuzi amrudishie fedha za mapambo ajue kwamba mapambo ni ladha ya mtu, na ladha ya mmoja ni kero ya mwingine. Tena nyumba hununuliwa pamoja na mtaa wake. Kama nyumba za mtaa wenu huuzwa kwa sh. milioni 40, ukiweka mapambo ya sh. milioni 20 usitegemee kupata 60. Mwenye milioni 60 atakwenda kutafuta nyumba mtaa mwingine.

Basi tuanze wapi? Kwa maoni yetu, ukarabati wa kwanza hauhitaji fundi wala saruji. Ni karatasi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua kwamba haki ya mtu katika ardhi ina thamani, na inatoa hati ya kumiliki kwa muda unaoweza kufika miaka 99. Wale wa maeneo yasiyopimwa wanaweza kupata leseni ya makazi, ambayo ilianza kutolewa kwa wingi Dar es Salaam miaka ya 2000. Leseni haina nguvu ya hati, lakini ni afadhali mara nyingi kuliko kipande cha karatasi chenye sahihi za majirani ambao wengine wamekwishafariki.

Mwenye nyumba na ajiulize leo: mkataba niliouziwa uko wapi? Jina lililoandikwa ni langu au la marehemu baba? Kama ni la marehemu, msimamizi wa mirathi ameteuliwa? Na mwenzangu wa ndoa anajua? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza nyumba ya wanandoa bila ridhaa ya mwenza, na si mara moja mauzo yamekwama mahakamani kwa sababu hiyo. Mnunuzi mwenye fedha taslimu huogopa kesi kuliko anavyoogopa ukuta wenye ufa.

Tena ahakikishe nyumba haiko ndani ya hifadhi ya barabara wala bondeni. Waliokuwa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, waliona mwaka 2017 nyumba nyingi zikibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Zilikuwamo nyumba nzuri sana. Rangi na marumaru hazikuziokoa.

Baada ya karatasi yafuate maji ya mvua, maana ndiyo adui mkubwa wa nyumba zetu. Paa likaguliwe kabla ya masika, misumari iliyolegea ipigwe upya, mabati yaliyotoboka yabadilishwe. Anayenunua bati jipya akumbuke kwamba geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, ingawa namba yake ni kubwa. Kisha ziwekwe gata. Nyumba isiyo na gata hupigwa na maji chini ya kuta kila mvua inaponyesha, udongo unaondoka, msingi unabaki wazi na nyufa zinaanza. Mtaro mdogo wa zege kuzunguka nyumba, wenye mwinamo wa kupeleka maji nje, ni kazi ya siku chache tu.

Gata hizo hizo zinaweza kuleta faida ya pili. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100 hutoa lita 100 za maji. Dar es Salaam hupata wastani wa takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Hata tukitoa sehemu ya tano kwa maji yanayopotea, paa hilo linapokea kama lita 80,000 kwa mwaka. Mwenye tangi hawezi kuzihifadhi zote, lakini nyumba yenye tangi lililojengewa msingi imara na bomba linalofika jikoni na chooni ina sifa ambayo kila mama anayekuja kuitazama ataiuliza. Katika miji ambayo maji ya bomba huja kwa zamu, sifa hiyo ni fedha.

La tatu ni choo. Tuseme ukweli bila haya: wanunuzi wengi huomba kuonyeshwa choo kabla ya sebule, nao wana haki. Choo kisicho na mlango unaofunga, sakafu iliyopasuka, harufu, na shimo lililojaa huishusha nyumba nzima. Kulinyonya karo, kubadilisha kifuniko kilichovunjika, kusakafia upya, kuweka bomba la hewa lenye wavu na kubandika marumaru za bei ya kawaida ukutani ni kazi inayolipa. Hapa ndipo marumaru zina maana, kwa sababu zinasafishika. Na wale wenye tabia ya kutapisha vyoo wakati wa mvua waache. Mbali na kuwaletea majirani kipindupindu, wanajiharibia bei wenyewe, kwa kuwa mtaa unaonuka haununuliki.

La nne ni umeme. Waya zinazoning'inia, soketi zilizoungua na swichi za kugusa kwa woga humfanya mnunuzi afikirie moto. Fundi mwenye leseni aitwe akague na kurekebisha, na waya wa ardhini uwepo. Kwa nyumba ya kupangisha, kila mpangaji kuwa na mita yake ya LUKU huondoa ugomvi wa kila mwezi na kumwonyesha mnunuzi kwamba nyumba itampa kodi bila kelele. Mnunuzi wa nyumba ya wapangaji kwa kweli ananunua kodi. Chumba kinachokaa kitupu kwa sababu ya kasoro ndogo humpunguzia hesabu.

La mwisho, na tunasisitiza la mwisho, ni sura ya nyumba. Rangi, nyavu za mbu zisizotoboka, madirisha yanayofunguka na kuingiza hewa, uwanja uliofagiwa, mti mmoja wa kivuli na njia ya kokoto kutoka getini. Haya yote ni nafuu, na ndiyo yanayoonekana kwanza. Lakini rangi isitangulie. Wakazi wa pwani wanajua ukuta unaotoa chumvi: ukiupaka rangi kabla ya kuzuia unyevu, baada ya miezi michache rangi inabanduka kama ganda. Hiyo ni fedha iliyotupwa.

Hapa tunalo neno kwa wale wanaodhani ukarabati ni kuficha. Wapo wanaojaza ufa wa msingi kwa gundi na kuupaka rangi wiki moja kabla ya mteja kufika. Huo ni udanganyifu. Masika ya kwanza yataufichua, na aliyeuza anaweza kujikuta kwenye baraza la ardhi au mahakamani. Kasoro kubwa usiyoweza kuirekebisha itaje, na bei izungumzwe kwa uwazi. Muuzaji mkweli huuza haraka zaidi, kwa sababu mnunuzi haulizi ni nini kingine kimefichwa.

Lingine ni risiti. Wengi hununua saruji na mabati na kuitupa karatasi njiani. Muuzaji wa nyumba aliye mkazi wa Tanzania kwa kawaida hutozwa kodi ya asilimia 10 ya faida aliyoipata, na gharama za kuijenga na kuiboresha nyumba huingia katika kuipigia hesabu faida hiyo. Bila risiti utawezaje kuthibitisha ulitumia kiasi gani? Bahasha moja ya kuwekea risiti haigharimu chochote.

Kwa mkulima, wakati wa kufanya haya ni baada ya mavuno, fedha ingali mkononi na mvua zimekatika. Si lazima afanye yote kwa mwaka mmoja. Mwaka huu karatasi na paa, mwakani choo na gata, mwaka unaofuata umeme na rangi. Hata asipouza kamwe, hatapoteza. Nyumba hiyo hiyo akiipeleka benki kuwa dhamana ya mkopo wa pembejeo au trekta, mthamini ataangalia mambo hayo hayo: umiliki, hali ya jengo, huduma na eneo. Na familia yake itakuwa imeishi pakavu, pasafi na salama miaka yote hiyo.

Pamoja na kuwataka wananchi wajipange, hatuwezi kuinyamazia Serikali. Wapo wananchi waliochangia fedha za urasimishaji na upimaji wa viwanja vyao, wakasubiri hati kwa miaka. Huwezi kumwambia mtu karatasi ndiyo thamani, halafu karatasi yenyewe isitoke. Halmashauri nazo zieleze kwa lugha nyepesi, kwenye ubao wa kila ofisi ya mtaa, ni ukarabati upi unahitaji kibali na upi hauhitaji, ili mtu anayebadilisha mabati matatu asiishi kwa hofu ya kusimamishwa na mgambo. Mabenki na vyama vya akiba na mikopo vifikirie mikopo midogo ya ukarabati. Anayehitaji sh. 500,000 ya gata na choo hana haja ya masharti ya mtu anayejenga ghorofa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hali ilivyo sasa, mwenye nyumba asiyeziba ufa pengine hataujenga huo ukuta. Atamwachia mnunuzi aujenge, na gharama yake itakatwa kwenye bei ya nyumba, pengine mara tatu. Tunawashauri wasomaji wetu wazunguke nyumba zao Jumamosi hii wakiwa na kalamu na karatasi, waanze na sanduku la nyaraka na kumalizia juu ya paa, na waandike kila kasoro wanayoiona. Dhiki haipigi hodi. Ikifika ikute nyumba iko tayari, ili bei itajwe na mwenye nyumba na si dalali.