Kriketi ya siku tano haichezwi kwa pumzi ya siku moja

AGOSTI 4, 2025 Mohammed Siraj alimng'oa Gus Atkinson katika uwanja wa The Oval jijini London, na India ikaishinda England kwa mikimbio sita tu. Mfululizo wa mechi tano za Testi ukaisha kwa sare ya 2-2. Magazeti mengi yalisifu ustadi wa mrushaji huyo. Yaliyotazama hesabu yaliona jambo jingine: Siraj alicheza mechi zote tano, akarusha ova 185 na mipira mitatu, yaani mipira 1,113, na bado alikuwa na nguvu asubuhi ya mwisho.

Habari hiyo yaonekana kuwa mbali na Afrika Mashariki, ambako hakuna nchi iliyowahi kupewa hadhi ya Testi. Hata hivyo, Kenya iliwahi kubisha hodi katika mlango huo, na Tanzania sasa inaanza kupanda ngazi ileile. Kilichoiangusha Kenya hakikuwa kipaji. Sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa mwili, na mwili hutengenezwa mapema, shuleni, mikononi mwa walimu wanaofundwa katika vyuo kama kile cha Kinampanda, wilayani Iramba, mkoani Singida.

Tuanze na hesabu. Katika mechi ya siku moja ya ova 50, mrushaji haruhusiwi kuzidi ova 10. Katika ile fupi ya ova 20, mwisho wake ni ova nne. Katika Testi hakuna kikomo: mechi ni ya siku tano, kila siku ina ova 90, na nahodha humrudisha mtu yuleyule kadiri anavyomhitaji. Kwa hiyo mrushaji wa mechi za siku moja angehitaji kucheza mechi 19 ili afikishe mzigo alioubeba Siraj kwa mechi tano. Wa ova 20 angehitaji mechi 47.

Mwenzake Siraj, Jasprit Bumrah, anaonyesha upande wa pili. Katika ziara ya Australia ya 2024/25 alichukua wiketi 32, na pengine hakuna mrushaji aliyekuwa bora kuliko yeye duniani wakati huo. Lakini huko Sydney, Januari 2025, mgongo ulikaza na hakuweza kurusha hata mpira mmoja katika zamu ya mwisho ya Australia. Wenyeji wakashinda kwa wiketi sita na kuchukua mfululizo 3-1. Huyu ni mtu aliyekwishafanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka 2023. Mrushaji wa kasi akitua kwa mguu wa mbele, uzito unaopanda kiunoni ni mara kadhaa ya uzito wa mwili wake, na vijana wengi hupata ufa wa mfupa wa mgongo kwa sababu hiyo. Ndiyo maana alipokwenda England alipangiwa mechi tatu kati ya tano.

Ikumbukwe pia kwamba kanuni za Testi hazina huruma. Tangu 2019 mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo anaweza kubadilishwa kikamilifu. Aliyevunjika mguu hapati mbadala wa kupiga wala kurusha. Rishabh Pant alirudi kupiga huko Manchester akiwa amevunjika mfupa wa mguu, na Chris Woakes aliingia uwanjani The Oval mkono ukiwa umefungwa kifuani. Timu inayoingia na mtu mmoja asiye timamu kimwili inaweza kucheza siku nne na watu kumi.

Sasa turudi Nairobi. Februari 24, 2003 Kenya iliifunga Sri Lanka kwa mikimbio 53 katika Kombe la Dunia, Collins Obuya akichukua wiketi tano kwa mikimbio 24. Ikazifunga pia Bangladesh na Zimbabwe, zote zikiwa tayari na hadhi ya Testi, ikafika nusu fainali. Machi 15, huko Durban, Aasif Karim, aliyeitwa kutoka kustaafu akiwa na miaka 39, aliwabana mabingwa Australia: ova nane na mipira miwili, mikimbio saba, wiketi tatu.

Ulikuwa mchezo wa kupendeza. Lakini mwandishi huyu anaamini kwamba ndani ya takwimu hiyo ndimo udhaifu ulimojificha. Mtu wa miaka 39 anaweza kuwa mwiba kwa ova nane. Je, angeweza ova 40 katika siku mbili, kisha arudi siku ya tano? Kenya haikuwa na ligi ya ndani ya maana ya mechi za siku tatu au nne ya kumjibu swali hilo, kwake wala kwa vijana. Wachezaji walitoka katika klabu chache, nyingi za Nairobi, zikicheza mwisho wa wiki.

Si haki kusema pumzi peke yake ndiyo iliyoinyima Kenya Testi. Kulikuwa na ugomvi wa malipo kati ya wachezaji na chama mwaka 2004 na 2005, na Maurice Odumbe alifungiwa miaka mitano mwaka 2004. Fedha hazikuwapo. Lakini tazama Steve Tikolo: alikuwa tegemeo la upigaji mwaka 1996, na mwaka 2011, akiwa na miaka 39, alikuwa bado kikosini Kenya ilipopoteza mechi zake zote sita za Kombe la Dunia. Nyuma yake hapakuwa na foleni. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hata hadhi ya mechi za siku moja. Miaka mitatu baadaye, Testi ikatolewa kwa Ireland na Afghanistan.

Kwa upande wa Tanzania, vijana wa chini ya miaka 19 walifuzu mwaka 2025, kwa mara ya kwanza, kwa Kombe la Dunia la 2026. Ni hatua kubwa, ila ni mashindano ya ova 50. Kriketi yetu pia bado imeshikwa na viwanja vya Dar es Salaam.

Hapo ndipo Kinampanda inapoingia. Mapema miaka ya 2000 mashindano ya michezo shuleni yalisitishwa nchini, yakarejeshwa baadaye katika muongo huohuo. Mtoto aliyepitia darasa la tatu hadi la saba bila kukimbia kwa utaratibu hatengenezwi kuwa mrushaji wa ova 20 kwa siku katika kambi ya wiki sita. Mwalimu anayetoka Iramba kwenda kufundisha kijijini si lazima ajue kriketi. Akijua kumfundisha mtoto kukimbia, kutua na kupumzika, atakuwa amefanya kazi ambayo kocha wa taifa hawezi kuifanya tena miaka kumi baadaye.

Chama cha Kriketi Tanzania nacho kina kazi yake, isiyohitaji hadhi yoyote kutoka Dubai: kupanga mechi za siku mbili, kisha tatu, kwa vijana haohao waliofuzu, kabla hawajafika miaka 25.