Homa haitolewi kwa mbio

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, vijana wa Goma na Bukavu wanakimbia barabarani, wengine peke yao, wengine kwa makundi wakiimba. Ni jambo zuri. Lakini kuna wazo moja la kuacha: kwamba mwenye homa akikimbia na kutoka jasho, ugonjwa nao utatoka.

Jasho haliponyeshi malaria. Vimelea vyake vinaharibu chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Hivyo mgonjwa anakimbia wakati damu yake haiwezi kulisha misuli vizuri. Virusi navyo vinaweza kushambulia moyo, na mbio kali wakati wa homa huongeza hatari hiyo. Kumeza paracetamol ili kwenda mazoezini kunashusha joto tu, ugonjwa unabaki.

Mafua mepesi, bila homa, hayakatazi mbio za polepole. Lakini ukiwa na homa, maumivu ya mwili mzima, kifua kubana au kuharisha, pumzika na uende kituo cha afya. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua karibu dakika 20.

Makocha wana wajibu pia. Kijana anayeogopa kupoteza nafasi katika timu ataficha ugonjwa. Kocha aseme wazi mbele ya wote: mgonjwa nafasi yake inamngoja. Akipona, aanze kwa kutembea, kisha mbio fupi. Siku chache za kupumzika hazimalizi nguvu za mkimbiaji. Moyo ulioumia unaweza kumwondoa mbioni kabisa.