Vijana wa Kiungani Hawakuishia Altareni

Hapa Korogwe, Masuguru ikiwemo, mzazi akitaka kumpeleka mtoto shule ndogo isiyo ya serikali, hakosi mtu wa kumkatisha tamaa. Shule hizo zimemtoa nani? Wanaojua historia kidogo humtajia Kiungani, shule ya UMCA, misheni ya Kianglikana, iliyokuwa Unguja, ambako vijana wa Bonde walivuka bahari kwenda kusoma wakitokea Magila, kule Muheza. Eti hata hiyo haikuacha kitu. Madai yao nimeyapima, na mengi hayasimami.

La kwanza ni kwamba Kiungani ilitoa mapadri tu. Mapadri na mashemasi ilitoa, tena wa mwanzo kabisa. Mwaka 1864 Sultani Majid wa Zanzibar alimkabidhi Askofu Tozer wa misheni hiyo watoto watano waliokombolewa kutoka kwenye jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyepitia utumwani, akapadirishwa mwaka 1890. Lakini misheni ilikuwa pia na mtambo wa kuchapia, na vijana walifundishwa kazi yake: kupanga herufi za risasi moja moja, kuusoma mstari kinyumenyume, kupaka wino, kubana karatasi. Mwaka 1888 likatoka pale Msimulizi, miongoni mwa magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili. Uchapaji ulikuwa ufundi wa kumlisha mtu, awe na kanzu ya kanisa au asiwe nayo.

La pili, walikaririshwa tu na hawakuwa na lao la kusema. Anayesema hivi hajakisikia kitabu alichokichapisha mwalimu wao A. C. Madan mwaka 1887, kiitwacho Kiungani. Kimejaa masimulizi ya wanafunzi wenyewe: walivyotekwa, walivyouzwa mkono hadi mkono, walivyofikishwa pwani. Madan alitafsiri, habari ni zao. Na Samuel Sehoza, mwalimu wa Kibondei aliyelelewa na misheni hiyohiyo, alichapisha mwaka 1921 Mwaka katika Minyororo, akieleza kifungo chake mikononi mwa Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwangu mimi kitabu hicho kingestahili kusomwa katika kila sekondari ya mkoa wa Tanga.

Dai linaloniudhi zaidi ni la ukibaraka: kwamba waliosomeshwa na Wazungu waliwatumikia Wazungu, basi. Hapa hutajwa Martin Kayamba, kwa kuwa alikuwa karani mkuu katika ofisi ya serikali Tanga na akatunukiwa nishani ya MBE. Ni kweli, alikuwa mtumishi mtiifu wa serikali, na hilo halifichwi. Ila mtazame vizuri. Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, Mbondei kwa ukoo, akasoma Kiungani. Wajerumani walimfunga wakati wa vita. Mwaka 1922 akaanzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na ndani yake Waislamu na Wakristo waliketi pamoja, wakati ambapo shule zenyewe ziliwatenga kwa dini. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Francis Lwamugira wa Bukoba na Chifu Makwaia wa Shinyanga, wakaketishwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Walowezi wa Kenya walikuwa wakitaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe. Mashahidi hao watatu walikataa, na kamati nayo haikuupitisha muungano huo. Kibaraka gani huyo anayepanda meli kwenda kuipinga hoja ya walowezi huko huko Uingereza? Safari hiyo aliiandikia kitabu kwa Kiswahili, kikachapwa mwaka 1932.

Kuna wasemao kuwa wasichana walisahauliwa. Hili halihitaji maneno mengi: kule Mbweni misheni ilikuwa na shule ya wasichana iliyoongozwa kwa miaka mingi na Caroline Thackeray, na wahitimu wake walikwenda kufundisha katika vituo vya bara.

Linabaki lile la kwamba Kayamba alikuwa mmoja tu, na mmoja si hoja. Nakubali kwamba wengi hawakufika mbali kama yeye. Wapo walioacha masomo wakatafuta vibarua mjini, na wamisionari walilalamika sana juu yao. Lakini chama cha Tanga hakikuwa cha mtu mmoja, na fikra yake haikubaki Tanga. Mwaka 1929 Dar es Salaam ilipopata African Association, rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu Cecil Matola, Myao aliyesomeshwa na UMCA, na katibu wake alikuwa Kleist Sykes, Mwislamu. Chama hicho ndicho kilichokuja kuitwa TAA (Tanganyika African Association), na tarehe 7 Julai 1954 wanachama wake wakakigeuza kuwa TANU.