Vumbi la kazi na batoto betu
Mtoto akizaliwa na kilema, jamaa banasonta mama kidole, ao banatafuta mulozi. Tunakataa. Mwaka 2018, wasomi wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walipima mikojo ya batoto ba Kasulo, kule Kolwezi: kobalti nyingi sana, na alama za ADN kuharibika, ile ADN yenye kubeba urithi wa mwili. Mwaka 2020, uchunguzi wa Lubumbashi ukaonyesha kama vilema vinapatikana zaidi kwa batoto ambao baba anafanya kazi ya madini. Baba, ndiyo! Tunaomba kampuni na wakubwa wa koperativi: maji ya kuoga na chumba cha kubadilisha nguo pale pale machimboni, mbele ya mwanaume kurudi nyumbani na vumbi.